Kutoka Kizimba cha Delmas Hadi Cheti cha Ndoa

Mwaka 1985 washtakiwa 22 walipandishwa kizimbani katika mji mdogo wa Delmas, mashariki mwa Johannesburg, kwa kosa la uhaini. Kosa hilo liliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Miongoni mwao walikuwamo Popo Molefe na Mosiuoa Lekota, vigogo wa United Democratic Front, muungano uliokuwa ukiitikisa serikali ya makaburu kutoka ndani ya nchi. Alikuwamo pia kijana mzaliwa wa Soweto, Simon Nkoli, aliyekamatwa Septemba 1984 baada ya wakazi wa vitongoji vya Vaal kuandamana kupinga kupandishwa kwa kodi za nyumba. Wakiwa mahabusu, Nkoli aliwaambia wenzake kwamba yeye ni shoga.

Habari ile iliwagawa. Kesi yenyewe ilikuwa ya kufa na kupona, na baadhi yao waliona upande wa mashtaka utaitumia kuwapaka wote matope. Wapo waliotaka Nkoli atengwe, kesi yake isikilizwe peke yake. Walibishana siku nyingi, wakiwa wamefungiwa pamoja na hakuna wa kuinuka akaenda zake, na mwisho wakakubaliana kusimama kizimbani wote. Nkoli alipata dhamana mwaka 1987 na akaachiwa huru mwaka 1988. Kati ya wale waliokaa naye mahabusu, Molefe na Lekota walikuja kuongoza majimbo, na Lekota baadaye akawa Waziri wa Ulinzi.

Naanzia Delmas kwa makusudi. Huku kwetu Afrika Mashariki, zikitajwa ndoa za jinsia moja za Afrika Kusini, wengi hudhani ziliteremka na ndege kutoka Ulaya, au kwamba majaji wachache waliamka asubuhi moja wakaamua kuwashangaza wananchi. Kumbukumbu zinasema vingine. Haki ile ilidaiwa kwa zaidi ya miaka 20, na waliotangulia kuidai walikuwa wanaijua jela. Hoja iliyoishindia mahakamani nayo ilikuwa ya nyumbani: Waafrika weusi walikuwa wameitumia miaka mingi dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Sheria waliyoikuta ilikuwa na vituko vyake. Januari 1966 polisi walivamia nyumba moja katika kitongoji cha Forest Town, Johannesburg, wakakuta mamia ya wanaume kwenye hafla. Serikali ilitaharuki, Bunge likaunda kamati, na mwaka 1969 kifungu cha 20A kikaongezwa katika Sheria ya Uasherati ya mwaka 1957. Kilimkataza mwanamume kufanya na mwanamume mwenzake tendo lolote la kuamsha ashiki kwenye hafla, na hafla ikaelezwa kuwa ni tukio lolote lenye watu zaidi ya wawili. Miaka ya 1980 meja mmoja wa polisi aliingia chumbani kwenye nyumba ya sauna mjini Johannesburg na kuwasha taa. Wanaume wawili waliokuwamo wakarukiana mbali. Kesi ilipofika mahakamani, swali likawa kama kuingia kwa meja kulitosha kuufanya mkutano ule wa wawili kuwa hafla. Mahakama ilisema hapana, watu wale wakaenda zao. Juu ya kifungu hicho lilikuwapo kosa kongwe la ulawiti, lililorithiwa kutoka sheria ya Waholanzi wa kale, ambalo halikujali wala umri wala hiari ya wahusika.

Vyama vya ukombozi navyo havikuwa safi. Mwaka 1987, mjini London, kiongozi mmoja wa juu wa ANC, Ruth Mompati, alimwambia mwanaharakati Peter Tatchell kwamba suala la mashoga halina nafasi katika mapambano, tena kwamba si watu wa kawaida. Maneno yalichapishwa, barua za kulalamika zikamiminika kutoka kwa watu waliokuwa wakichangia mapambano hayo kwa fedha na kwa miguu yao barabarani. Novemba mwaka huohuo Thabo Mbeki aliandika kutoka Lusaka kuweka msimamo: ANC inapinga ubaguzi wa kila aina, na ulinzi huo unawahusu mashoga na wasagaji. Ilikuwa ni ahadi ya karatasi, ya chama kilichokuwa bado uhamishoni, chenye makao Zambia na shule yake Mazimbu, Morogoro. Lakini karatasi zina tabia ya kukumbukwa.

Mtu mmoja wa ANC aliyeikumbuka vizuri ni Albie Sachs, wakili aliyekuwa akiishi Maputo. Tarehe 7 Aprili 1988 makachero wa Pretoria walitega bomu kwenye gari lake. Alipoteza mkono wa kulia na jicho moja likapofuka. Alipopona alirudia kazi ya kuandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi ambayo haikuwapo bado, na akawasikiliza wanaharakati wa Cape Town waliotaka mwelekeo wa kimapenzi utajwe humo kwa jina. Jina la Sachs tutakutana nalo tena.

Wakati huo Nkoli hakuwa amekaa kimya. Chama kikubwa cha mashoga cha enzi hizo kilikuwa cha Wazungu, na alipokuwa mahabusu hakikumtetea, kwa kisingizio kwamba hakijihusishi na siasa. Alipotoka, akishirikiana na Beverley Ditsie na wenzao, alianzisha chama kingine cha Johannesburg, GLOW, cha weusi na weupe pamoja. Tarehe 13 Oktoba 1990 chama hicho kiliongoza maandamano ya kwanza ya aina yake barani, kutoka Braamfontein kupita Hillbrow, watu wapatao 800. Wengine walijifunika mifuko ya karatasi kichwani yenye matundu ya macho, maana kazi na nyumba vilikuwa hatarini. Nkoli aliwaambia kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, wala hawezi kujigawa vipande viwili akapigania kimoja kwanza.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, na nitayapitia haraka. Katiba ya mpito ya mwaka 1993 ilikataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi. Ilianza kutumika tarehe 27 Aprili 1994, siku ileile watu walipopanga foleni kumpigia kura Mandela. Hakuna nchi duniani iliyokuwa imeliandika jambo hilo katika katiba yake. Katiba ya kudumu ya mwaka 1996 ililibakiza katika kifungu cha 9. Kati ya vyama vyote vilivyokuwa na wabunge, ni chama kidogo cha Kikristo cha ACDP pekee kilichosimama kidete kulipinga.

Maandishi yakishakuwamo katika katiba, nani ayafanyie kazi? Desemba 1994 mashirika kadhaa yaliungana kuunda National Coalition for Gay and Lesbian Equality. Humo alikuwamo Zackie Achmat, mtoto wa Kiislamu wa Cape Town aliyekuwa ameonja jela za makaburu. Edwin Cameron, profesa wa sheria aliyeteuliwa jaji mwaka huohuo, alikuwa ameshaeleza mahali pa kuanzia. Wasikimbilie ndoa. Waanze na kosa la jinai, maana hakuna mahakama itakayomlinda kama mke au mume mtu ambaye sheria ileile inamwita mhalifu kitandani mwake. Kosa likiondoka, waingie kwenye mambo madogomadogo ya nyumbani, moja baada ya jingine, kila shauri likijenga juu ya lililotangulia.

Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la ulawiti, pamoja na kile kifungu cha 20A cha hafla. Jaji Laurie Ackermann aliandika kwamba sheria hizo ziliwashusha wanaume hao utu wao hata pale ambapo hakuna aliyekamatwa. Nkoli aliishi kuiona hukumu hiyo, lakini kwa wiki chache tu. Alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998. Siku chache baadaye Achmat na wenzake walianzisha Treatment Action Campaign, kundi lililokuja kuilazimisha serikali kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi. Historia hizo mbili, ya ndoa na ya dawa, ziliendeshwa na watu walewale, mara nyingi kwenye ofisi zilezile.

Kesi za nyumbani ndizo ninazozipenda zaidi, kwa sababu humo hakuna falsafa nyingi. Mwaka huohuo wa 1998, ofisa wa polisi mwanamke aliyekuwa akiishi na mwenzake kwa miaka zaidi ya kumi alitaka amwandikishe kwenye bima ya afya ya kikosi. Mfuko wa bima ulimjibu kwamba kanuni zinamtambua mke au mume, basi. Mahakama Kuu ya Pretoria ilisema waliokaa nyumba moja miaka yote hiyo wana wajibu wa kutunzana kama wanandoa wengine, na mfuko ukaagizwa ufikirie upya. Desemba 1999 ikaja zamu ya uhamiaji: raia wa Afrika Kusini aliyeoa au kuolewa angeweza kumleta mwenza wake wa kigeni, ila mwenye mwenza wa jinsia yake akaambiwa mwenzako apande ndege arudi kwao. Mahakama ya Katiba haikukifuta kifungu hicho. Ilikiongezea maneno ya kuwatambua wenza wa kudumu wa jinsia moja, ili kuanzia siku ileile maofisa wawe na kitu cha kufuata.

Mwaka 2002 walalamikaji wawili walikuwa majaji wenyewe. Kathleen Satchwell alikuwa akitoa hukumu mahakamani kila siku, lakini akifa, mwenza aliyeishi naye miaka mingi asingepata senti ya pensheni ambayo mke wa jaji mwenziwe angeipata bila kuuliza. Alishinda Julai. Mwezi Septemba ikatolewa hukumu ya Anna-Marie de Vos, naye jaji, na mwenza wake Suzanne du Toit. Mwaka 1995 mahakama ya watoto ya Pretoria iliwapa watoto wawili wa tumbo moja kuwaasili, baada ya wote wawili kupimwa na kuonekana wanafaa. Lakini sheria iliruhusu wanandoa tu kuasili kwa pamoja, hivyo jina lililoingia kwenye karatasi lilikuwa la de Vos peke yake. Du Toit aliwaogesha, akawapeleka shule, akawasainia daftari za mwalimu, na kisheria alikuwa mpita njia. De Vos angekufa ajalini, watoto wangebaki bila mzazi yeyote huku mmoja amekaa nao mezani. Mahakama ya Katiba ilisema sheria hiyo inawaumiza watoto inaodai kuwalinda.

Mwaka uliofuata, Machi 2003, suala lilikuwa fomu ya kuandikisha vizazi. Mwanamke mmoja alitoa mayai, mwenza wake akabeba mimba, mapacha wakazaliwa Agosti 2001. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa na nafasi ya mama na nafasi ya baba, na hakuna mahali pa kumwandika mzazi wa pili wa kike, hata huyu ambaye damu ya watoto ilikuwa yake. Jaji Richard Goldstone aliagiza wote wawili waandikwe wazazi.

Ukizitazama kesi hizi kwa pamoja, utaona kilichokuwa kikitokea. Bima imepatikana, uhamiaji umepatikana, pensheni, watoto, fomu za vizazi. Ndoa ilikuwa imeshakuwapo vipande vipande; kilichokosekana ni cheti.

Waliokwenda kukidai hawakutoka katika harakati. Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake wawili wa Pretoria wenye majina ya Kikaburu kabisa, walikuwa wakiishi pamoja tangu mwaka 1994. Walitaka ndoa, wakaenda Mahakama Kuu kwa njia zao wenyewe, bila kuusubiri mpangilio wa wanaharakati, ambao walidhani wakati haujafika. Oktoba 2002 ombi lao lilitupwa. Jaji alisema hawakuishambulia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961, na bila hiyo mikono yake imefungwa. Wakajaribu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Katiba. Wakaambiwa wapitie kwanza Mahakama ya Juu ya Rufani huko Bloemfontein.

Bloemfontein, tarehe 30 Novemba 2004, walishinda na hawakuweza kuoana. Jaji Cameron, ambaye sasa alikuwa katika mahakama hiyo, aliandika kwamba sheria ya mapokeo lazima ieleweke kuwa ndoa ni muungano wa watu wawili wa maisha, wakiwatenga wengine wote. Lakini kifungu cha 30 cha Sheria ya Ndoa kilimpa mfungishaji ndoa maneno ya kutamka mbele ya wahusika, kwamba kila mmoja anamchukua mwenzake kuwa mke au mume wake wa halali, na kifungu hicho hakikuwa kimepingwa katika maombi yao. Ndoa yao ilikuwa halali, ila hakukuwa na kiapo cha kuifungia. Mwanasheria anaweza kuielewa hali hiyo. Mtu aliyengoja miaka kumi atakasirika, na ana haki.

Serikali ilikata rufaa. Safari hii wanaharakati walijitosa: Lesbian and Gay Equality Project, warithi wa ule muungano wa 1994, walifungua shauri lao pamoja na waombaji wengine 18 kukishambulia kifungu cha 30 chenyewe, na mashauri yote mawili yakasikilizwa kwa pamoja Mei 2005 mbele ya Mahakama ya Katiba. Mahakama hiyo imejengwa Johannesburg kwenye uwanja wa gereza la zamani, lile walimofungwa Gandhi na Mandela kwa nyakati tofauti. Upinzani ulijitokeza kwa nguvu. Kardinali Wilfrid Napier wa Durban alileta kiapo chake, na mashirika ya Kikristo yakaomba kusikilizwa. Walisema ndoa ni ya kuzaa. Kwamba dini zimeifafanua tangu zamani. Na kwamba kama hawa watu wanahitaji ulinzi, watungiwe sheria yao ya pembeni, ndoa iachwe kama ilivyo.

Tarehe 1 Desemba 2005 hukumu ilitolewa, na aliyeiandika ni Albie Sachs. Anaanza kwa kusimulia habari za watu wawili waliovutiwa mmoja na mwenzake, wakaanza kutoka pamoja, wakahamia nyumba moja, marafiki wakawazoea kuwa ni wenza, na baada ya muongo mzima wakataka kuoana. Kisha anataja kizuizi kilichokuwapo: wote ni wanawake.

Juu ya kuzaa, alisema hoja hiyo inawadhalilisha hata wanandoa wasiojaliwa mtoto, walioasili, au waliooana uzeeni. Juu ya dini alikuwa mwangalifu zaidi, na nadhani alifanya vizuri. Hakuidharau. Alisema dini zina nafasi kubwa katika maisha ya watu wa nchi ile na hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa inayokwenda kinyume na imani yake. Ila andiko la dini moja haliwezi kuwa kipimo cha haki za raia asiyeifuata.

Lakini moyo wa hukumu uko kwenye lile pendekezo la sheria ya pembeni. Sachs alikumbusha shauri la mwaka 1960. Godfrey Pitje, Mwafrika aliyekuwa akijifunza uwakili katika ofisi ya Mandela na Tambo, alikwenda mahakamani kumtetea mteja. Hakimu alimwelekeza akae kwenye meza iliyotengwa kwa mawakili Waafrika. Meza ile haikuwa na kasoro: mtu angeweza kuweka mafaili yake, akasikika vizuri, akamhoji shahidi kama kawaida. Pitje alikataa, akatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama, na Mahakama ya Rufani ya wakati huo ikasema sawa, maana kazi ya uwakili ingefanyika vizuri vilevile kwenye meza yoyote. Kila Mwafrika Kusini mweusi anajua kwa nini Pitje alikataa. Hakuhitaji meza, alikataa kuambiwa mahali pake ni wapi. Kuwapa wenza wa jinsia moja bima zote, pensheni zote na mirathi yote, kisha kuwaambia wasiuguse mlango wa ndoa, ni kuwaelekeza kwenye meza ileile.

Majaji wote walikubaliana kwamba sheria inakiuka katiba. Walitofautiana juu ya namna ya kulirekebisha kosa hilo. Kate O'Regan, peke yake, alitaka kifungu cha 30 kisomwe palepale kikiwa na neno la kuwajumuisha wote, waombaji waende wakaoane. Wengine walilipa Bunge miezi 12, hadi tarehe 1 Desemba 2006. Likishindwa, neno hilo litaingia lenyewe. Kwa Fourie na Bonthuys ulikuwa mwaka mwingine wa kungoja, na binafsi naona O'Regan alikuwa na hoja. Lakini upo upande wa pili. Haki iliyopitia kwa wawakilishi wa wananchi ni ngumu kuiita njama ya majaji, na Sachs alilijua hilo.

Mwaka ule wa kungoja ulikuwa mchungu. Februari 2006, huko Khayelitsha nje ya Cape Town, Zoliswa Nkonyana, binti wa miaka 19, aliuawa na kundi la vijana kwa sababu alikuwa msagaji na hakujificha. Kesi yake ilisuasua kwa miaka. Waliotiwa hatiani walihukumiwa mwaka 2012. Septemba 2006, katika sherehe za Siku ya Urithi, Jacob Zuma, wakati huo naibu rais wa ANC, alisema ndoa hizi ni aibu kwa taifa na kwa Mungu. Baada ya siku chache aliomba radhi. Bunge lilizunguka majimbo yote likikusanya maoni, na katika kumbi nyingi waliosimama kupinga walikuwa wengi kuliko waliounga mkono. Machifu, kupitia chama chao cha Contralesa, walisema jambo hili halina asili Afrika.

Hoja hiyo ya asili huku kwetu tunaifahamu, na inastahili neno moja. Kwa Wakurya wa Mara ipo nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Wanandi wana desturi yao ya namna hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa iliitambua katika shauri la mirathi. Ndoa hizo hazikuwa za mapenzi ya jinsia moja, na anayezitumia kudai hivyo anapotosha. Zinaonyesha tu kwamba mababu walipohitaji kuwapa watu nyumba na warithi, waliipanua ndoa bila kuogopa kwamba mbingu itaanguka.

Muswada wa kwanza wa serikali, ajabu, ulikuwa ile meza ya pembeni: ushirika maalumu kwa wenza wa jinsia moja, na ndoa ibaki kwa wengine. Wanaharakati waliupinga, na shirikisho la wafanyakazi la COSATU likasimama upande wao. Ulirekebishwa. Sheria ya Muungano wa Kiraia iliyotoka iliwaruhusu watu wawili wowote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuchagua wenyewe, waite muungano wao ndoa au ushirika. Kura ilipigwa katika Bunge tarehe 14 Novemba. ANC iliwabana wabunge wake wote wapige kura ya ndiyo. Kenneth Meshoe wa ACDP aliomboleza kwa niaba ya wapinzani. Kisha Lekota, Waziri wa Ulinzi, mshtakiwa wa Delmas, akasimama akawakumbusha wenzake kwamba katika kambi za uhamishoni na katika jela walikuwamo mashoga na wasagaji. Ndiyo 230, hapana 41.

Rais Mbeki alikuwa safarini, hivyo aliyetia saini ni Phumzile Mlambo-Ngcuka, akikaimu, tarehe 29 Novemba. Sheria ilianza kutumika kesho yake, siku iliyotimiza miaka minane tangu Nkoli afe. Tarehe 1 Desemba wanaume wawili walifunga ndoa katika mji wa George, na Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani, baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada.

Ndani ya sheria hiyo uliachwa ufa. Kifungu cha 6 kilimruhusu ofisa wa serikali wa kufungisha ndoa kukataa wenza wa jinsia moja kwa sababu ya dhamiri yake. Padri au sheikh kuwa na haki hiyo ni sawa. Lakini huyu ni mtumishi wa umma, analipwa kwa kodi ya haohao anaowafukuza dirishani, na katika mji mdogo wenye ofisi moja kukataa kwake kulimaanisha kupanda basi kwenda mji mwingine kutafuta mwenye nafasi. Zaidi ya theluthi ya maofisa wa wizara walikuwa wamepewa ruhusa hiyo. Mbunge Deidre Carter wa chama cha COPE aliwasilisha muswada binafsi wa kukifuta, na Rais Cyril Ramaphosa alitia saini Oktoba 2020, miaka 14 baada ya ndoa ya kwanza.

Sheria haikuzuia visu wala risasi. Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, aliuawa huko KwaThema. Februari 2025 imamu Muhsin Hendricks, ambaye tangu miaka ya 1990 hakuficha kwamba ni shoga na ni Mwislamu, alipigwa risasi garini Gqeberha. Wapo wanaotumia vifo hivi kusema hukumu zile hazina maana. Waulizwe wenye watoto waliopata jina la mzazi wa pili.

Huku Kenya, tarehe 24 Mei 2019, majaji watatu wa Mahakama Kuu walizisoma hukumu za Afrika Kusini zilizowekwa mbele yao na wakakataa kuzifuata. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoachwa na Waingereza, kikabaki. Sababu moja waliyoitoa ni kwamba kukifuta kungefungua mlango wa nyuma kwa ndoa, ilhali ibara ya 45 ya katiba inaitaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti. Yaani ule mpangilio wa Cameron wa hatua kwa hatua uligeuzwa: kwa kuwa hatua ya mwisho haiwezekani, na ya kwanza isichukuliwe. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Mwombaji alikuwa amepeleka majina ya kupendekeza mwaka 2012. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kupata haki ya kusajili jina. Bima, mirathi na watoto bado hata havijafunguliwa jalada.